Mdogo Hutumwa

Babu hakuwahi kujibu swali kama watu wengine. Ukimuuliza saa, alikuambia saa ni ya kuvaa mkononi. Kovu lake lililochungulia juu ya mkanda wa suruali alikuwa ameshalitolea maelezo kumi na moja: mamba, radi, mama mkwe, na mengine ambayo wajukuu walikua wakiyahesabu. Lakini alasiri hii mjukuu wake wa kwanza, binti aliyekuwa mwalimu wa hesabu, hakuwa na hamu ya la kumi na mbili. Alikaa wodini kando ya kitanda namba nne, alikolazwa Babu, fomu ya upasuaji mapajani.

Kesho Babu angepasuliwa ngiri. Nesi wa dawa za usingizi alikuwa amepita na maswali yake, akafika la saba: je, yeye au mtu yeyote wa damu yake amewahi kupata shida na dawa ya usingizi?

"Shida ilikuwa marehemu mke wangu," Babu alimjibu. "Alikuwa anakoroma."

Wodi nzima ilicheka, hata fundi mwashi wa kitanda namba tano, ambaye naye alikuwa akisubiri kisu cha kesho na hajasema neno tangu alazwe. Nesi hakucheka. Alilitazama kovu, ambalo Babu alikuwa amemwambia ni la mamba, akasema hilo ni la hospitali, mamba hajui kushona.

"Mwalimu, muulize mzee wako. Nikirudi saa kumi nataka jibu la kweli. Hapa hapana masihara."

Ilikuwa saa nane na nusu. Mwalimu alianza kwa upole.

"Babu, hili kovu ulilipata wapi?"

"Tumboni."

"Babu!"

"Sasa si ndipo lilipo, mchumba wangu?"

Hasira zikampanda. Babu na mjukuu ni watani, sawa, nani asiyejua? Ila utani ukizidi unakuwa ukuta, na yeye alikuwa ameupapasa ukuta huo miaka thelathini bila kuona mlango. Alimjua Babu kwa vichekesho tu. Akifa kesho, angemlilia nani?

Ndipo alipouona mkono wa Babu. Mdomo ulikuwa ukitania, lakini mkono ulikuwa umeng'ang'ania ukingo wa shuka hadi vifundo vikatokeza. Mwalimu akabadilisha swali, kama afanyavyo darasani mtoto akikwama.

"Siku hiyo ulikuwa na nani?"

Babu alifungua mdomo. Kichekesho hakikutoka.

"Mdogo wangu," alisema.

Habari za huyo mdogo wake, Mwalimu alikuwa amezisikia mara moja tu: alikufa kijana, kwa homa. Ni jambo pekee ambalo Babu hakuwahi kulifanyia mzaha.

"Tulikuwa wachukuzi wa magunia. Ngiri ikatushika wote wawili, tukapangiwa siku moja. Jina langu ndilo lilikuwa la kwanza. Niliogopa, mama. Miguu ilikataa. Nikamwambia, mdogo hutumwa. Tangulia ukaonje, pakiwa patamu uniite. Akacheka. Aliingia anacheka."

"Halafu?"

"Hakutoka. Walimvutisha dawa ya usingizi, akakakamaa, taya zikabana, mwili ukawa moto hata hashikiki. Nilisikia daktari anapiga kelele aletewe barafu. Mama yetu nikamwambia ni homa. Sikudanganya, alichemka kweli. Ila hakuniuliza nani alitakiwa kutangulia, na mimi sikumwambia. Wiki tatu baadaye ngiri yangu ikanikaba. Nikawaambia mnikate macho wazi. Wakanichoma sindano ya mgongo."

Mwalimu aliitazama fomu mapajani.

"Na kesho ungekubali wakulaze usingizi?"

"Ile ilikuwa zamu yangu. Nimeikimbia miaka hamsini na tatu. Nimechoka."

Mwalimu hakungoja saa kumi. Alikimbia koridoni kiatu kimoja kikimtoka, akamkuta nesi na kikombe cha chai. Aliposikia "moto" na "kakamaa", nesi aliweka kikombe chini na kuja mbio na kalamu nyekundu. Akaandika juu ya fomu: DAWA YA KUVUTA, MARUFUKU. Mzee angechomwa ganzi ya mgongo.

"Na hili si lake peke yake," alimwambia Mwalimu. "Linakwenda na damu. Wewe, baba yako, watoto wako, msikubali kulazwa usingizi popote kabla hamjalisema."

Babu alimgeukia mjukuu wake.

"Kumbe kimya changu kingekuja kukuua wewe."

Mwalimu aliushika ule mkono.

Asubuhi mhudumu wa chumba cha upasuaji alikuja na kitanda cha magurudumu na karatasi yake.

"Fundi mwashi, wewe wa kwanza."

Fundi aliketi, akashusha miguu, akashika chuma cha kitanda na hakuinuka.

"Nitatangulia mimi," Babu alisema.

Mhudumu alikwenda kuuliza, akarudi, akasema haya, mzee, twende. Mwalimu alitembea kando yake mpaka kwenye milango miwili ya mwisho. Hapo Babu akamvuta mkono.

"Mjukuu wangu, naogopa."

Mwalimu alingoja mzaha ufuate. Haukufuata. Ikabidi afanye yeye kazi ya Babu.

"Mamba hakukuweza. Mama mkwe hakukuweza. Huyu daktari ni nani?"

Babu akacheka. Aliingia anacheka, na milango ilipofungwa ndipo Mwalimu alipokumbuka ni nani mwingine aliyeingia hivyo. Alikaa kwenye benchi, akakaza sikio. Kimya. Chuma kikagonga chuma. Kimya tena, kirefu, mpaka akainuka kwenda kuugonga mlango.

Kisha akaisikia sauti, kubwa, ya mchukuzi wa magunia asiyejua kunong'ona.

"Hili kovu, daktari? Nilikuwa na mdogo wangu."