Petroli Mpaka Shingoni

Ilikuwa mara ya tatu wiki ile kaka yake kuleta gari lile lile gereji kwake, na Mama Spana alikuwa hoi. Tangu asubuhi alikuwa amelala chini ya magari ya watu, mgongo ukiwaka moto.

"Eti linanuka petroli," kaka alisema, hata salamu hakuna. "Mimi sisikii kitu. Ni wifi yako huyo."

Wifi alikaa nyuma, vioo vyote chini, kitambaa puani. Miezi miwili alikuwa akiumwa kichwa, na miezi miwili mumewe akimwambia anajidekeza.

Mama Spana alishakagua mipira ya petroli mara mbili, asione hata tone. Akapiga magoti tena, akiguna.

"Huwa linazidi tukitoka kujaza mafuta," wifi alisema taratibu. "Na siku hiyo linawaka kwa shida."

Spana ikasimama. "Wifi, mbona hukusema?"

"Nilisema." Akamtazama mumewe. "Nilimwambia yeye."

Mama Spana aliona haya. Mara zote mbili alimuuliza kaka peke yake.

Akafungua kopo jeusi karibu na tangi. Lilikuwa zito, likachuruzika petroli mkononi.

"Humu ndani mna mkaa," alimwambia kaka. "Petroli hutoa mvuke hata gari likiwa limezimwa. Mvuke unapita kwenye mpira huu, mkaa unaushika usitoke nje. Ukiwasha gari, vali inafunguka, injini inauvuta na kuuchoma. Lakini mkaa umeumbiwa mvuke, si petroli yenyewe. Wewe unajazaje?"

Kaka alijikuna kisogo. "Pampu ikikata, namwambia mhudumu aongeze kidogo. Tangi lijae kweli kweli."

"Mpaka shingoni."

"Mpaka shingoni," akakubali.

"Basi umeuzamisha mkaa. Haushiki mvuke tena, ndiyo harufu hiyo, na injini inavuta petroli kupita kiasi, ndiyo maana linawaka kwa shida. Kopo hili limekufa, tutafute jingine. Gari lilale hapa. Na pampu ikikata, imekata."

Kaka alifungua mlango wa nyuma. "Mama watoto, nilidhani ni wewe tu na pua yako."

"Najua ulivyodhani." Wifi alishuka polepole, kama aliyebeba gunia.

"Nisamehe na mimi, wifi," Mama Spana alisema.

"Yameisha." Lakini sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka hata kukasirika. Akatangulia barabarani kwa miguu. Mumewe akamfuata, hatua tatu nyuma yake.