Jina Lililofunga Kompyuta ya Shirika

Wasukuma mtakaosoma habari hii mtalijua lile jina kabla ya kufika mbali. Nawaomba mkae nalo moyoni. Mimi sitalitaja, sijawahi kulitaja, na yaliyonikuta mwaka 1998 yalinikuta kwa sababu hiyo.

Ni jina la mama mkwe wangu. Kwetu ukioa binti wa watu, jina la mama yake linafungwa mdomoni mwako mpaka unazikwa. La mkwe wangu lilikuwa balaa zaidi, maana limetokana na neno la Kisukuma la kile kinachonyesha kuanzia Novemba. Kwa hiyo tangu nimuoe Nyanzala, nikikaa na wazee wetu kijijini Mwamkulu wanaongea habari za mashamba, mimi nasema "yale ya juu yameanza kudondoka", na wazee wanatikisa kichwa kwa kuridhika na adabu yangu. Mjini niliokolewa na Kiswahili. Mvua, mvua, mvua. Nalisema nitakavyo na hakuna wa kunidai kitu.

Nilikuwa karani wa shirika dogo la mbegu pale Mpanda. Tuligawa mahindi na maharage kwa wakulima wa Mwamkulu na wa Mishamo, na orodha za majina yao zote zilikaa ndani ya kompyuta moja. Aliileta Mfini mmoja, Mzungu wa Ufini aliyekuja kujitolea, mtu mrefu, mpole, aliyeota jua mpaka pua ikambabuka. Kompyuta nyingine mbili tatu za mjini zilikuwa na Windows, kama za watu wote. Yetu aliiwekea Linux. Alisema ni ya bure na haiugui virusi. Hakusema kwamba ikiugua kitu kingine, wilaya nzima haina daktari.

Daktari nikawa mimi. Printa ilipoanza kuchapa mistari kama ngazi, wa pili ukianzia pale ulipoishia wa kwanza mpaka maneno yakatoka nje ya karatasi, niliitibu mimi kwa kufuata daftari la maelekezo alilotuandikia. Mausi ilipoganda katikati ya kioo, mimi. Katibu muhtasi wetu Lucia, Mfipa wa pale Nsemulwa, alipobonyeza asichokijua, kioo kikawa cheusi naye akaanza kulia kwamba ameua mali ya wafadhili, nilibonyeza vitufe vitatu kwa pamoja, kila kitu kikarudi. Aliniita profesa wiki nzima. Kichwa kilivimba, sikatai.

Sasa hilo neno la siri. Mfini alinikalisha mbele ya mashine akaniambia nichague neno moja la kuifungia. "Malale, liwe neno ambalo hulisemi kabisa," akasema. "Hata ukilewa. Hata malaria ikikupanda kichwani. Hata mke akikubembeleza."

Nikafikiri. Mimi ni mtu wa maneno mengi, na nikiwa na homa nataja mpaka ng'ombe wa jirani kwa majina. Katika maneno yote ya dunia hii lilikuwepo moja tu la namna aliyotaka. Nikaliandika, herufi ya kwanza kubwa, na mwishoni nikaongeza saba kwa sababu alitaka iwepo na tarakimu, na Nyanzala ni mtoto wa saba kwao. Nikatazama kioo. Hakikuonyesha kitu, hata nukta.

"Halionekani?" nikauliza.

"Neno la siri haliandikwi kwenye kioo. Mashine inalisikia, inanyamaza."

Niliipenda mashine ile kuanzia siku hiyo. Ilikuwa imelelewa vizuri kuliko shemeji zangu wengi. Mfini akaona jasho usoni mwangu akataka kujua kama nimeandika jina la mtu. Nikajibu, "La mwanamke mmoja ninayemheshimu sana." Ningenyamaza. Mungu anajua ningenyamaza.

Mwezi wa sita tukamwandalia sherehe ya kumuaga. Mbuzi alichinjwa, bia zikanywewa, wake zetu walialikwa. Mfini akasimama kuaga na Kiswahili chake cha kupanda na kushuka, akatushukuru mmoja mmoja, na alipofika kwangu akasema, "Malale ni mtu wa siri. Kila asubuhi, kabla ya kazi, lazima kwanza aandike jina la mwanamke wake." Watu wakacheka. Nyanzala naye akacheka, tena akaendelea kucheka wenzake walipokwisha nyamaza.

Nyumbani hakungoja hata kuvua viatu. "Malale," akaanza. Mke wangu haniiti Malale. Mimi ni baba Lyamba, kwa jina la mtoto wetu. "Ni nani?"

"Sio unavyofikiri."

"Mtaje basi, nifikiri vizuri."

"Siwezi kumtaja."

"Kwa nini huwezi?"

"Namheshimu."

"Unamheshimu," akarudia polepole. "Kuliko mimi?"

Swali hilo lina jibu moja tu linalofaa, na kila mume analijua. Mimi kwa sababu nilikuwa nasema kweli nikajibu, "Ndiyo, kuliko wewe."

Mtaniuliza kwa nini nisiseme tu kwamba ni mama yake. Nilipima makosa mawili usiku ule ule. Kuwa na mwanamke wa nje, wazee wangenikaripia mbele za watu na kunicheka pembeni, yakaisha. Lakini kulichukua jina la mkwe, kulitia ndani ya mashine ya Mzungu na kulidonoa kwa vidole kila asubuhi saa moja na nusu kabla hata ya chai? Sikuwahi kusikia mtu aliyefanya hivyo, kwa hiyo sikujua adhabu yake inaishia wapi. Nikaona bora niitwe mzinzi.

Asubuhi Nyanzala alimfunga Lyamba mgongoni, akabeba fuko lake, akaenda kwa mama yake Mwamkulu. Alisema ataishi na mimi tena siku atakayolijua hilo jina, na nisipolisema mpaka mavuno yaishe, wazee wakae waturudishe kila mtu kwao. Haukuwa mkwara. Namjua Nyanzala, akisema kitu amekwisha kukifanya moyoni.

Wiki tatu zikapita. Nilipika ugali ukawa na mabonge, nikaula hivyo hivyo. Nilimkosa mke wangu. Nilikosa hata tabia yake ya kusoma kwa sauti kila maandishi anayokutana nayo, vibao vya maduka, mifuko ya saruji, magazeti yaliyofungiwa maandazi, kama mtoto wa darasa la pili. Mavuno nayo yalikuwa yanaisha. Nilimtuma mtu Mwamkulu mara mbili, akarudi na jibu lile lile. Na kibaya zaidi, wanawake wa Mwamkulu walikwisha kumpata mwenye jina wao wenyewe. Walisema ni Lucia.

Ijumaa moja jenereta ya ofisi ikazimika ghafla, na kompyuta ikazimika nayo bila kuagwa. Jenereta ilipowashwa, mashine ikaamka ikijikagua kwa muda mrefu, mistari ikipita kwenye kioo, mwisho ikauliza jina la mtumiaji. Nikaandika. Ikataka neno la siri. Nikalidonoa huku natazama pembeni, kama desturi yangu. Ikanikatalia. Nikarudia. Ikanikatalia. Nje kulikuwa na lori la Mishamo, wenye lori wanataka orodha waondoke.

"Kaka Malale, niambie mimi niandike," Lucia akasema. "Vidole vyako leo vizito."

"Lucia, niache."

"Au umelisahau?"

"Laiti ningelisahau."

Nikafungua daftari la Mfini. Alikuwa ameandika hivi: "Kama neno la siri linakataliwa. Moja, usimpige mashine. Mbili, angalia taa ya herufi kubwa, labda inawaka. Tatu, labda kitufe kimoja kimekufa, na wewe hujui kwa sababu neno halionekani. Basi liandike pale kwenye jina la mtumiaji, hapo utaliona kwa macho. Watu watoke kwanza."

Taa ya herufi kubwa haikuwaka. Ikabaki ya tatu. Niliisoma kama mtu anayesoma barua ya mahakama. Kulidonoa bila kuliona nilikuwa nimeshajizoesha, nilijiambia kwamba vidole havina mdomo. Lakini kuliandika likae pale, jeupe kwenye weusi, nilitazame? Lori likapiga honi. Nikamtoa Lucia nje, nikamwambia apike chai nyingine au afanye lolote, nikafunga mlango, nikaandika.

Likatokea. Lote, herufi kwa herufi, jina la mama wa mke wangu katikati ya ofisi. Nikalifunika kwa kiganja, kisha nikachungulia katikati ya vidole. Jina lilikuwa zima. Saba ndiyo haikuwepo. Nikabonyeza saba mara kumi, kimya. Nikainama nikatazama kibodi kwa karibu na nikaona sisimizi anatoka chini ya saba, anafuatwa na mwenzake. Pembeni kulikuwa na alama ya chai iliyofutwa. Chai ya sukari.

"Lucia!" nikaita kwa hasira, nikaanza kupuliza kile kitufe.

Mlango ukafunguliwa. Aliyeingia hakuwa Lucia.

"Huyo Lucia unayemwita ndiye nimemfuata," Nyanzala akasema. "Leo nataka kumwona kwa macho. Na sikuja peke yangu, mama yupo hapo nje."

Mkwe hawezi kuingia nilipo mimi, kwa hiyo alikuwa amesimama barazani, chini ya dirisha letu la wavu, hatua tatu kutoka kwenye kioo. Nikanyoosha mkono nifute. Nyanzala akaniwahi. Aliona maandishi, na Nyanzala akiona maandishi anasoma. Akasoma kwa sauti, silabi kwa silabi, kisha, kwa kutoamini, akalirudia lote kwa mkupuo.

"Abee?" dirisha likaitika.

Nikageukia ukuta. Ukutani kulikuwa na kalenda ya mwaka uliopita, nikaisoma yote.

"Nani ananiita?" mkwe akauliza kule nje.

"Ni mimi, mama." Sauti ya Nyanzala ilikuwa imekwisha ukali. "Umeandikwa humu. Kwenye kompyuta ya baba Lyamba."

Baba Lyamba. Nililisikia hilo, hata nikiwa nimegeukia ukuta.

"Nimeandikwa? Nafanya nini humo?"

Nyanzala akanitazama. Nikamnong'oneza, naye akamfikishia mama yake. "Anasema unafunga, mama. Mbegu zote za watu wa Mishamo na za hapa kwetu, orodha zake zimefungwa na jina lako. Bila jina lako haifunguki."

"Na amelitaja kwa nani?"

"Hakuna. Hajalitaja."

"Hata kwa yule Mzungu?"

"Hata kwangu," Nyanzala akasema. "Ndiyo maana nimelala kwako wiki tatu."

Lucia alikuwa amerudi, amesimama mlangoni na birika, hajui kama aingie au akimbie. Nilisubiri adhabu. Niliona ng'ombe wangu wawili wakitoka zizini, niliona mke wangu akirudi Mwamkulu safari hii moja kwa moja.

"Mwambie mwenzio alete mbuzi," mkwe akasema. "Jike. Kwa kuniweka humo bila kuniuliza."

"Mwambie namleta Jumapili," nikajibu mbio.

"Anasema Jumapili, mama."

Nyanzala akanikaribia, akanitazama kama anayetafuta mahali pa kunipiga, akanyoosha mkono. "Nipe ufunguo wa nyumba. Sijui masufuria yangu yamekuwaje." Nikampa. Vidole vyake vilikaa juu ya vyangu muda kidogo, na sioni haya kusema kwamba machozi yalinitoka, mbele ya Lucia na birika lake.

Kisha nikakumbuka lori. Upande wa kulia wa kibodi kuna tarakimu nyingine, zimepangwa peke yake kama kwenye kikokotoo, na kuna saba yake. Nikafuta kioo, nikaandika upya, saba nikaichukua kule. Mashine ikafunguka. Printa ikaanza kunguruma, orodha ya Mishamo ikatoka, mistari imenyooka.

Nikaona ni vizuri nimalize na adabu. "Mwambie mama," nikasema, "leo leo nalibadilisha. Nitatafuta neno lingine."

Nyanzala akafikisha. Tulisikia printa tu, karatasi baada ya karatasi, mpaka nikadhani mkwe ameshaondoka.

"Asilibadilishe," akasema mwisho.

"Mama?"

"Nilipoolewa nikawa mke wa mtu. Nikazaa, nikawa mama wa fulani. Sasa ni bibi wa Lyamba. Walionipa hilo jina wamekufa wote, na waliokuwa wananiita nalo wamekufa. Wakwe hawaruhusiwi, nyie watoto mnaona haya. Nilidhani limekwisha." Akakohoa. "Nyanzala."

"Naam, mama."

"Hebu niite tena."

Nyanzala akasogea dirishani, akashika wavu kwa mkono mmoja, akaliita. Mimi nilikuwa nimetazama ukuta, lakini nilisikia. Mkwe wangu hakuharakisha.

"Abee," akaitika.