Siku Saba za Bima

Msichana wa dukani aliitwa Maxine, na alikuwa na upole wa mtu aliyeeleza jambo moja mara mia. Aliisogeza laptopu mbele ya Susu Mbithe kama anayemkaribisha mgeni chakula.

"Shosho, waranti mnayo ya mwaka mmoja, lakini inashika ubovu wa kiwandani tu. Sasa kuna hii bima ya ajali. Mjukuu akiiangusha, akiimwagia chai, akiikalia, sisi tunatengeneza bure."

"Akiikalia?" Susu akamtazama mjukuu wake Ndanu kuanzia kiunoni kwenda chini. "Huyu? Hata kiti hakijui kama amekaa."

Bima ilikuwa elfu tatu na mia tano. Pesa hizo Susu alikuwa nazo, ila zilikuwa na jina tayari: zilikuwa za godoro. Jumatatu ya wiki ya pili Ndanu angeingia chuo kikuu pale Juja kusomea kompyuta, wa kwanza katika boma lao la Ngoliba, na chumba alichopangiwa kilikuwa na kitanda cha chuma kisicho na kitu juu. Laptopu yenyewe ilikuwa imekula ng'ombe pamoja na ndama wake.

"Kitendawili," Susu akasema, palepale mbele ya wateja.

"Tega, Susu," Ndanu akajibu kwa aibu kidogo.

"Ninakilipia, kisha ninapiga magoti kuomba nisikitumie."

"Jeneza!" Maxine akadakia.

"Jeneza hulipii wewe, mwanangu, wanakulipia watu. Ni hiyo bima yako."

Maxine alicheka mpaka akashika meza. "Basi shosho, kafikirie. Mko na siku saba. Jumamosi ijayo tukifunga duka, na bima imefungwa."

Susu akaenda kufikiria. Bei ya mbuzi aliijua kwa kumshika mgongo, na mvua aliijua kwa kunusa, lakini kitu hiki hakujua kishikwe wapi. Jumapili alitaka bima. Jumatatu hakuitaka. Kuku akirukia meza, alikuwa upande wa bima. Akikumbuka kile kitanda cha chuma, alirudi kwa godoro. Alimuuliza Ndanu, na Ndanu akasema, "Unavyoona wewe, Susu," jibu lisilomsaidia mtu. Hivyo siku zikaenda.

Ijumaa ilikuwa siku ya baraka. Kwao mtoto haondoki nyumbani mkavu. Mkubwa wa boma hujaza maji kinywani akamnyunyizia kifuani na mikononi, na chombo chake cha kazi pia. Susu mwenyewe alinyunyiziwa pamoja na kibao chake cha kuandikia alipoingia darasa la kwanza. Marehemu mumewe alinyunyiziwa pamoja na nyundo yake.

"Ilete," akasema, akiwa na kata ya maji mkononi. "Ifungue. Kitu kilichofungwa kitapokea vipi?"

"Susu, lakini hii na maji..."

Susu alikuwa ameshajaza kinywa, na mtu aliyejaza kinywa huwezi kubishana naye. Ndanu akapiga magoti, akaishika laptopu wazi kwa mikono miwili. Alidhani yatakuwa matone. Lakini Susu alikuwa na mashavu mapana na mjukuu mmoja tu, wala hakubania.

Kioo kilimeta, kikawa buluu, kikatoa mlio mdogo kama wa kifaranga, kikazima.

Waliifuta kwa leso. Wakaianika juani kwenye ungo, kando ya mbaazi. Saa sita mbaazi zilikuwa zimekauka vizuri. Laptopu haikuwaka.

Mchana huo wakaipeleka Ruiru, kwa Gachau, fundi wa mtaa wa Kiuu aliyewahi kutengeneza spika za kanisa lao. Aliifungua kwa bisibisi nyembamba kama sindano, akainusa.

"Bodi imeungua. Kuweka nyingine ni karibu bei ya mashine yote. Haikuwa na bima?"

"Nilikuwa nafikiria," Susu akasema.

"Mlinunua lini?"

"Leo ni siku ya sita."

Gachau akatazama mlangoni, akashusha sauti. "Basi cucu, nenda kesho ulipe kama hakuna kitu. Ukae wiki mbili. Halafu useme imemwagikiwa chai."

Susu akaanza kufungua fundo la leso atoe pesa. Gachau alirudisha skurubu moja moja, akakataa hata pesa ya soda.

Siku ya saba walikuwa dukani Thika mapema. Susu aliweka pesa za godoro mezani. "Tumeamua," akasema, na sauti yake mwenyewe akaisikia ndogo.

"Sasa hapo shosho umefikiria!" Maxine akavuta fomu, akaandika jina la Ndanu. "Haya, iwasheni kidogo niipige picha ikiwa inafanya kazi. Bila picha, bima haikubali."

"Haina chaji," Ndanu akasema akiangalia viatu vyake.

"Hiyo si shida." Maxine akaleta waya, akachomeka. Hata kile kitaa kidogo cha ubavuni hakikuwaka. Wote watatu wakabaki wanakitazama.

"Usiisumbue, mwanangu," Susu akasema. "Ilikufa jana. Niliibariki kwa maji."

"Uliibariki?"

"Ikiwa wazi."

Kicheko kilimjia Maxine, akaona macho ya Ndanu, akakimeza. Akashuka na kidole kwenye fomu, mstari kwa mstari, kana kwamba huenda kuna mahali amepasahau. "Kuanguka. Kukaliwa. Chai, maji..." Kidole kikasimama.

"Maji yapo?" Susu akauliza.

"Yapo, shosho. Ungelipa juzi." Akazirudisha pesa kwa mikono miwili, kwa heshima, na hilo likauma zaidi. "Mimi hapa nimeandikwa tu. Duka lingekuwa langu..."

Wakanunua godoro. Susu akalikalia nje, likiwa bado limekunjwa na kufungwa kamba, mfuko mpya wa laptopu mapajani mwake. Lilikuwa godoro zuri.

"Nitatumia kompyuta za maktaba," Ndanu akasema.

"Zinatosha watu wote?"

Ndanu akaanza kukaza kamba ya godoro, ingawa haikuwa imelegea.

Ndanu akaketi kando yake. Kisha Susu, kwa mazoea tu ya kinywa, akasema, "Kitendawili."

"Tega, Susu."

"Nilimnywesha maji kwa upendo, akafa."

"Moto," Ndanu akasema haraka.

"Si moto. Jaribu tena."

Ndanu akatikisa kichwa. Kwa mchezo wao, aliyeshindwa humpa mtegaji mji, naye mtegaji hulitoa jibu.

"Nipe mji," Susu akasema.

"Nakupa Thika."

"Thika nimefika, sikupata kitu. Nipe mwingine."

"Nakupa Ruiru."

"Ruiru nilienda jana."

Jibu Ndanu alikuwa nalo tangu mwanzo. Akaweka mkono juu ya ule mfuko, juu ya mkono wa bibi yake.

"Basi sina mji mwingine, Susu," akasema. "Na jibu usilitoe."