Risasi ya Pili ya Mwinshehe

Watu wa Miono wanasema mie ndiye niliyeharibu chakula cha harusi ya Najma. Waseme. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwepo porini siku ile, na wanaosema zaidi ni wale ambao mbogo wanamjua kwenye sinia tu, keshapikwa na kachanganywa na mchele.

Naitwa Husseni. Mie mkulima kama wengine, ila wawindaji wakipata kibali cha kwenda porini hunipitia nyumbani, maana mie ndiye mwenye kisu. Huku kwetu risasi haichinji. Mnyama akishaanguka ni lazima kisu kimkute anapumua, isomwe bismillahi, damu imwagike. Akifa kabla, huyo mzoga, hata awe mnono vipi, hata kama aliyempiga katoka kuswali sasa hivi. Najua wapo masheikh wenye maneno mengine, na dalili zao wanazo. Waje Miono wawaambie bibi zetu.

Kwa hiyo kazi yangu mie ni mbio. Bunduki ikilia, wenzangu wanatulia, mie natimka. Na ukitaka kujua bunduki ipi nzuri, usimuulize anayeipiga. Niulize mie ninayekimbia.

Shemeji yangu Mwinshehe, aliyemuoa dada yangu Dija, ana bunduki moja tu, tatu saba tano magnamu, aliyoirithi kwa baba yake. Vibali vyake vyote vipo, msianze. Kitako chake kimechakaa mpaka kimekuwa laini kama mwiko wa ugali. Mtu huyu mpole kupita kiasi, unaweza kumtukana nyumbani kwake akakukaribisha chai, lakini risasi za tatu saba tano usimguse. Atakusimulia mnyama pofu aliyempiga ng'ambo ya bonde, upepo unavuma, akaanguka pale pale. Atakusimulia kongoni, atakusimulia kuro. Dada yangu anazijua hizo hadithi kwa moyo, na yeye hajawahi kukanyaga porini.

Mbishi wake mkubwa ni Bwanausi wa Mbegani. Zamani waliwinda pamoja, Bwanausi na nne tano nane yake, dude zito, risasi kama kidole gumba. Siku hizi magoti yamemkatalia, kabaki kuuza samaki sokoni Bagamoyo, lakini mdomo haujastaafu.

"Hiyo yako ya kuwindia kanga," humwambia Mwinshehe.

"Na yako inamuua mnyama na mwenye bunduki," Mwinshehe humjibu, kisha hushika bega lake na kujifanya analia.

Mie nilikuwa upande wa Mwinshehe, na sababu yangu ni ya mtu mwenye kisu. Nne tano nane ikimpiga mnyama, mie nafika nakuta mwenyewe keshaondoka. Tatu saba tano mikononi mwa Mwinshehe ni kitu kingine. Anapiga begani, chini kidogo, kwa risasi ya pua laini. Inavunja bega na kubaki humo humo ndani. Mnyama analala, mguu hauna kazi tena, na pumzi ipo. Inaniachia muda. Miaka yote niliyomkimbilia, nyama zilizotupotea ni za kuhesabu, na watu walikula halali yao.

Bunduki yake aliipanga kwa namna moja siku zote. Ya kwanza pua laini. Zinazofuata ngumu, zile zisizopasuka, zinazopita kwenye mfupa kama msumari. Nilimuuliza siku moja kwa nini asiweke laini zote. Akasema, "Ya kwanza ni ya kula, Husseni. Ya pili ni ya kurudi nyumbani."

Na tulikuwa na alama yetu. Mnyama akianguka, Mwinshehe humtazama kwanza juu ya bunduki. Akiridhika kwamba hainuki, anavua kofia. Asipoivua, mie sitoki. Hilo nalijua tangu ujana na sihitaji kufundishwa na mtu yeyote wa Miono.

Sasa, Najma, binti wa Mwinshehe na Dija, akaposwa na Abdala, mtoto wa Bwanausi. Furaha ilikuwa kubwa, lakini msimu ule ufuta wa Mwinshehe uliozea shambani kwa mvua, na ng'ombe hana. Siku ya kupanga mambo, Bwanausi akasema mbele ya watu wote, "Samaki wa siku ya kuamkia harusi juu yangu. Siku yenyewe, mkwe, nyama juu yako. Watu wangu wa Mbegani wanataka kumla mbogo wa hiyo bunduki ya kanga."

Watu wakacheka. Mwinshehe naye akacheka, akasema inshallah. Mie nilimtazama usoni nikaona kile kicheko hakikufika machoni. Baba anaoza binti yake wa pekee, na kitu cha kuwapa wageni hana, ila hiyo bunduki na kibali cha mbogo mmoja.

Asubuhi ya kuondoka Dija alinifuata mpaka barabarani. "Kaka Husseni," akasema, "huyu mtu halali usiku. Msirudi mikono mitupu, nakuomba. Hana kingine."

Nikamwambia mbogo wake yupo njiani. Sikupaswa kusema hivyo, lakini ni dada yangu, ungemwambiaje?

Tulikwenda wanne. Mwinshehe na mie, na Sharifu bwana nyama, ambaye kazi yake ni kuhakikisha tunapiga kile kibali kinachosema na si zaidi, na Kulwa, mchimba visima, Mkristo mwenye mgongo wa kubeba chochote. Tuliwakuta mbogo upande wa Wami, madume wazee wamelala kwenye tope, wametulia kama wako kwao. Na kweli walikuwa kwao.

Mwinshehe alijilaza kando ya kichuguu. Mie nyuma yake, kisu mkononi, viatu nimeshavua kwa sababu viatu kwenye tope ni ujinga. Bunduki ikalia. Dume la pembeni likapiga magoti, likaanguka ubavu. Wengine wakatimka na kutuachia vumbi.

Kisha yule dume akalia.

Hapa ndipo wanaponisema, kwa hiyo nisikilizeni vizuri. Mbogo anapokata roho hutoa kilio kirefu cha kusikitisha. Wawindaji wengine wakikisikia kile kilio hufurahi, kwao kazi imekwisha. Mtu wa kisu akikisikia moyo unamruka, maana anaambiwa umechelewa, anaondoka huyo. Nikaiona harusi yote inakata roho pale. Nikamuona Dija barabarani. Sikutazama kofia. Nilikimbia.

Kumbe hakuwa anaaga. Alikuwa anaumia tu, maskini, na ana hasira.

Nilikuwa nimeshamkaribia kiasi cha kuwaona kupe masikioni mwake aliposimama. Kwa miguu mitatu, bega limening'inia, akanigeukia. Nilijaribu kurudi nyuma, tope likanivuta mguu, nikaanguka chali. Kisu kikaruka sijui wapi. Sikusoma hata shahada, nasema kweli. Nilichosema ni "Mama."

Kutoka pale kwenye kichuguu Mwinshehe alikuwa na njia mbili, na wawindaji wote wanazijua. Angeweza kumpiga nyonga. Dume angekaa chini kama mbwa, pumzi ipo, kisu kingepata kazi yake, na harusi ingepata nyama. Shabaha hiyo anaiweza, nimemuona akiifanya. Lakini mbogo aliyevunjika nyonga anaweza kujivuta hatua moja zaidi kabla hajakaa, na mie nilikuwa hatua hiyo moja. Njia nyingine ilikuwa kumuua papo hapo, na kuua kila kitu alichokuja kutafuta.

Risasi ilimwingia shingoni. Ile ngumu. Dume lilidondoka bila hata kukunja miguu, pembe ikachimba tope kando ya goti langu.

Nilitambaa kutafuta kisu. Nilikipata, nikamfikia shingoni, nikachukua jani nikamgusa jicho. Halikupepesa. Nikamgusa tena. Nikaweka mkono puani. Nilikuwa naomba, wallahi, naomba pumzi ya mnyama aliyetaka kuniua.

Mwinshehe alifika anahema. Hakumtazama mbogo. Akapiga magoti kwenye tope akaanza kunipapasa mikono, mbavu, miguu, kama mama anayemkagua mtoto aliyedondoka mtini.

"Umeumia wapi?"

"Shemeji, kafa," nikamwambia. "Hajachinjwa. Kafa."

"Nimekuuliza umeumia wapi."

Sikuumia popote. Nilipomwambia hivyo akakaa chini kwenye tope lile lile, bunduki mapajani. 

Sharifu akasogea. Alikuwa na huruma, simlaumu. Akasema polepole, "Mzee Husseni, mkate tu. Damu bado ya moto, itatoka. Hapa tupo sisi tu, nani atajua?"

Na ni kweli. Ningemkata, na Miono yote na Mbegani yote wangekula, kwa sababu aliyeshika kisu ni Husseni, na Husseni hajawahi kuwalisha mzoga. Nilimtazama Mwinshehe. Ni binti yake, ni wageni wake, ni aibu yake. Angeitikia kwa kichwa tu, sijui ningefanya nini.

Mwinshehe akainuka, akapangusa tope kwenye kitako cha bunduki. "Mwachie Kulwa," akasema.

Kulwa na jamaa zake walikula vizuri, na Mungu awazidishie. Sisi tulirudi na bunduki. Dija alituona tunaingia uani, akaangalia mikono yetu, halafu akaniona nilivyojaa tope mpaka masikioni.  Aliingia jikoni akaanza kuchambua maharage, na mie nikaenda kukaa nyuma ya choo nikalia. Mtu mzima, nimelia.

Siku ya harusi maneno yalikuwa yameshazunguka. Eti Husseni kamtisha mbogo. Eti Mwinshehe kazeeka, bunduki inamshinda. Watu wa Mbegani walipakuliwa wali wa nazi, maharage, na samaki waliobaki wa Bwanausi mwenyewe, yaani mgeni kulishwa chakula chake. Mie nilijificha upande wa masufuria na wanawake. Niliwabebea maji, nikachochea kuni. Kukaa kwenye sinia la wanaume sikuweza. Mjomba wa bibi harusi, nanuka moshi.

Kutoka pale nilikokuwa nilimsikia Bwanausi. Sauti yake unaweza kuisikia ukiwa Saadani.

"Mkwe, nauliza tu. Mbogo wetu yuko wapi?"

 Nilimuona dada yangu kasimama na upawa hewani.

"Mbogo hayupo," Mwinshehe akasema.

"Tatu saba tano imempiga akasimama. Si nilikuambia? Miaka yote nakuambia hiyo ni ya kanga."

"Uliniambia." Kisha akapaza sauti, yeye asiyepaza sauti. "Husseni! Njoo hapa."

Nilitoka na kuni mkononi. Niliziweka chini. Nikamsalimia Bwanausi shikamoo, akaitika marahaba, nikasimama mbele ya watu wote wale walioketi, kanzu yangu ina masizi. Nilidhani ananiita nijieleze, na nilikuwa tayari, nilishapanga maneno.

Mwinshehe akanawa mkono wake taratibu, akanishika bega.

"Mkwe, wewe mwenyewe mwindaji, utanielewa," akamwambia Bwanausi. "Ya kwanza nilimpiga kwa ajili yenu, mle. Hiyo haikufika, nisameheni. Ya pili huwa naiweka ya kurudi nyumbani." Akanitikisa bega kidogo. "Huyu hapa. Karudi."

 Bwanausi alinitazama, akaitazama miguu yangu, akatazama tena usoni. Yeye naye amewahi kugeukiwa na mbogo, anajua.

"Ilikuwa ngumu?" akauliza, sasa kwa sauti ndogo.

"Ngumu."

"Ulimpiga wapi?"

"Shingo."

Bwanausi akatikisa kichwa juu na chini. Halafu akajivuta kwenye mkeka kwa yale magoti yake mabovu, akamsukuma mwanawe Abdala, bwana harusi mwenyewe, mpaka nafasi ikapatikana kati yake na Mwinshehe. Akachukua samaki aliyekuwa mbele yake, akamtoa miiba kwa vidole, akaniwekea upande wangu wa sinia.

"Kaa," akasema. "Nilikuja kula nilichoahidiwa, sasa naona mkwe wangu kaniletea kilicho bora. Kaa ule, mwenye kisu."

Nikanawa, nikakaa. Nilikula, maana wote walikuwa wananitazama nikila.