Waziri Aliyeficha Ukungu

Jioni ile Waziri Mkuu wa kwenye tamthilia alipowaambia raia kuwa ukungu unaomeza sauti za watu ni "mvuke wa kawaida tu," mama mkwe aliisukuma kando chai aliyoandaliwa na mkwewe.

Mkwe mwenyewe kazi yake ilikuwa kutia sauti. Tamthilia za majoka na falme zikiletwa kutoka nje, yeye huingia kwenye kichumba chenye kuta za sponji akawasemea wahusika kwa Kiswahili. Waziri alikuwa wake. Malkia aliyeshika madaraka baadaye katika kipindi hichohicho alisemewa na mwanamke mwingine.

"Umewadanganya watu mpaka mji mzima umekuwa bubu," mama mkwe alifoka.

"Mama, mimi nasoma karatasi tu."

"Ulisoma kwa raha! Mwenzako Malkia alisema ukweli siku ya kwanza ya utawala wake."

"Halafu akafunga malango, wakulima wakabaki nje! Waziri wangu angalau aliwafungulia ghala."

"Ghala? Aliyemezwa sauti ataombaje unga?"

Mkewe alicheka, akakivuta kile kikombe cha chai. "Vita vya panzi, furaha ya kunguru," akasema, akanywa.

Asubuhi iliyofuata kazi ilikuwa hotuba ya mwisho ya Waziri, mbele ya umati usio na sauti. Mwongozaji alitaka kiburi. Jamaa akajaribu mara mbili, lakini kila akifungua kinywa alimwona mama mkwe amekunja uso. Mara ya tatu kiburi kiligoma kabisa. Maneno yalikuwa yaleyale, ila yalimtoka kama ya mtu aliyekamatwa na mama yake akisema uongo: "Niliuona ukungu. Niliogopa kuwaambia."

Mwongozaji akasema, "Hiyo hiyo. Usiiguse."

Kipande hicho kiliporushwa, jamaa hakutazama runinga. Alimtazama mama mkwe kama mtahiniwa anayesubiri matokeo.

"Mama, umemsamehe?"

"Simsamehe ng'o! Ila woga wake nimeuamini." Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanga. "Sasa nipe namba ya huyo anayemsemea Malkia. Lazima anieleze habari za wale wakulima."

Alipewa. Walizungumza dakika arobaini, na aliyekuwa akijitetea hakuwa mama mkwe.