Shahidi wa Pili

"Bosi, nikishuka hapa jua limeshazama, nimekwisha," dereva wa kreni alisema kwenye redio.

Huko chini msimamizi wa ujenzi akacheka mpaka redio ikakwaruza. "Mwewe, tangu lini ukawa na haraka ya kufuturu? Imebaki ndoo moja ya zege."

"Si futari, bosi. Ni mwezi."

"Ahaa! Haya, lete hiyo ndoo halafu ushuke. Na mzee wako mwambie safari hii atazame vizuri. Asije akatulisha mchana kwa moshi wa ndege."

Redio nyingine nazo zikacheka. Kila fundi pale alikuwa na redio, na kila fundi alikuwa na kicheko chake kuhusu mzee. Mwewe akauma meno, akasukuma mkono wa usukani taratibu, ndoo ikaelea juu ya nondo na vichwa vya watu ikatua bila kumwaga hata tone. Hasira zake hazikuwahi kufika kwenye ndoo. Huko juu ukikasirika kwa mikono, kuna mtu chini anakufa.

Ndoo ya mwisho ilipomwagwa akapandisha ndoano, akafungua breki ya kuzungukia ili usiku kreni igeuke na upepo wenyewe badala ya kupigana nao, akazima mashine. Ngazi alishuka karibu mbiombio, koo limekauka kama karatasi ya msasa. Ilikuwa siku ya ishirini na tisa ya mfungo. Mwezi ukionekana jioni hiyo, kesho watu wangekula. Usipoonekana, wangefunga siku moja zaidi.

Baba yake alikuwa fundi viatu, na kibanda chake kiliegemea ukuta karibu kabisa na geti la ujenzi. Kwa miaka mingi mzee huyo ndiye aliyekuwa jicho la mtaa. Watu wengine waliukumbuka mwezi mara mbili kwa mwaka, wakati wa kufunga na wakati wa kufungua. Yeye aliutafuta kila mwezi, hata miezi ile ambayo haina mtu wa kuishangilia. "Nayo huzaliwa," alikuwa akisema. Akisema ameuona, imamu hakuuliza mara mbili.

Mpaka mwaka jana. Mwaka jana alisimama akasema ameona, na jirani aliyekuwa kando yake naye akasema ameona, kwa kuwa mzee ameona. Mashahidi wawili wakatimia. Mtaa mzima ukala mchana, watoto wakavaa nguo mpya. Jioni yake mbingu ilikuwa nyeupe, hakuna mwezi wala dalili yake. Kisha kijana mmoja akatoa simu aliyopigia picha jioni ile ya kutazama, akaikuza, na pale kwenye ncha ya ule utepe mwembamba walioudhani mwezi, uliong'aa kwa jua la machweo, palikuwa na ndege ya abiria inakwenda zake. Watu walilipa ile siku moja kwa kununa, na fundi viatu akapata jina jipya. Mzee Ndege.

Tangu hapo alihama safu ya mbele. Aliswali nyuma kabisa, mlangoni, kando ya viatu. Wenye midomo wakasema amefuata kazi yake. Mwewe alilisikia hilo, akaapa moyoni kwamba mwaka huu baba yake atausema mwezi mbele ya watu wote, na utakuwa mwezi kweli.

"Baba, twende. Nimepata ruhusa, tunapanda juu ya jengo."

"Juu ya jengo? Miguu hii?"

"Mkono nitakushika."

Msimamizi alikuwa ametoa sharti moja tu, kofia ya kazi. Mzee akavalishwa ile ya plastiki ya njano juu ya kofia yake ya kuswalia. Akaipapasa. "Mmenivalisha sufuria," akasema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo Mwewe akacheka.

Ngazi za zege hazikuwa na vishikio bado. Walipanda polepole, mzee upande wa ukuta, mwana upande wa pengo. Kila walipofika kituo mzee alitaka kupumzika, na kila alipotaka kupumzika Mwewe alimwambia kidogo tu, Baba, kidogo tu. Walipotoka darini jua lilikuwa limekaa juu ya vilima, jekundu, limelegea. Kote magharibi hapakuwa na jengo la kuzuia macho. Vumbi tu, limetanda chini kama moshi wa jiko.

Adhana ikaanza. Walifuturu kwa maji, wamesimama, bila kuangaliana. Mtaani chini watu walishaanza kukusanyika na simu zao, na imamu alikuwa amesema akimaliza kuswalisha atapanda mwenyewe kusikia. Misikiti mingine yote iliyopigiwa simu ilijibu vilevile: vumbi, hatuoni kitu.

"Kumbuka nilivyokufundisha," mzee akasema. "Jicho ukilitupa kwenye utupu linalegea, halioni hata lililo mbele yake. Lishikize kwanza kitu cha mbali. Shika ule mnara wa simu kilimani. Ukishaushika, panda nao taratibu, halafu nenda kushoto."

"Sawa, Baba."

"Mnara wenyewe uko wapi?"

Mwewe akageuka. Mnara ulikuwa palepale, mweusi, mrefu, mtoto mdogo angeuona. Mzee alikuwa ameweka kiganja juu ya nyusi, anatazama pembeni kabisa, kule ambako hapakuwa na kitu. Mwewe akakumbuka jinsi siku hizi baba yake anavyotunga uzi kwenye sindano kwa kuupapasa kwa ulimi na kidole. Alikuwa amemwambia waende hospitali, mzee akajibu kwamba mikono yake inaijua kazi.

"Ule pale, Baba," akasema, akamgeuza mabega kwa upole.

Kisha akatazama mwenyewe. Akaushika mnara, akapanda nao, akaenda kushoto. Hakuna kitu. Akarudi mnarani, akaanza upya. Hakuna. Machozi yakamtoka, akayafuta kwa mkono wa ovaroli, akarudi tena mnarani. Aliapa hashuki mpaka giza limfukuze.

Na hapo akauona. Akaupoteza. Akauona tena, na safari hii ukakaa. Ulikuwa umelala chali juu ya vumbi, mwembamba kuliko uzi wa kushonea soli, hafifu kiasi kwamba akipepesa macho ilibidi aanze kuutafuta tena.

"Baba! Upo! Wallahi upo!" Alimkamata mzee kichwa kwa mikono miwili, pamoja na ile sufuria, akamwelekeza. "Juu ya mnara, kushoto kidogo. Pembe zimeangalia juu. Ya kulia imezidi kidogo ile ya kushoto. Umeuona?"

Mzee akatazama. Akatazama kwa muda mrefu, mdomo wazi kidogo, pumzi ameizuia.

"Umeuona, Baba?"

"Wewe utazame," mzee akasema. "Usiache. Mpaka uzame."

Mwewe akaelewa. Chini ngazini akasikia nyayo na mtu anahema kama kiriba cha mhunzi, imamu huyo anakuja. Akainama sikioni mwa baba yake.

"Sema umeona. Nisikilize, Baba. Mwezi upo, mimi nauona. Nimeshakwambia ulipo na pembe zake. Hutakuwa umemdanganya mtu, kwa sababu upo! Wakiuliza, jibu hivyohivyo nilivyokwambia. Kesho watu wote watajua kwamba uliuona uzi ule ambao misikiti mizima haikuuona. Nani atakuita Ndege tena?"

Mzee alikuwa bado anatazama magharibi.

Imamu akatokea, mkono mmoja kiunoni. "Nyie watu... mnataka kunizika kabla sijafuturu vizuri. Haya, uko wapi?"

Mwewe akageukia vilima, na vumbi lilikuwa limeshaumeza. Alitafuta, akatafuta tena. Umekwenda.

"Umeshazama, imamu. Lakini nimeuona, nimeuona kabisa."

Imamu akauliza maswali yake, upande gani, juu kiasi gani, pembe zilielekea wapi. Mwewe akajibu yote bila kusita. Imamu akatikisa kichwa kwa kuridhika. Alikuwa amejaa matumaini sasa, ilionekana hata usoni. Naye ni binadamu, naye amechoka na mfungo.

"Huyo mmoja. Mzee wangu, na wewe?"

Chini mtaani watu walikuwa wameinua nyuso. Mwewe alimtazama baba yake, na kwa moyo wake wote alimsukuma aseme lile neno moja.

"Sijaona," mzee akasema.

"Hujaona?"

"Mwanangu ameona, huyo namjua. Mimi sijaona. Hata mnara ule siuoni, imamu, sembuse mwezi."

Imamu akaenda ukingoni, akaweka mikono mdomoni. "Shahidi ni mmoja tu! Haikutimia! Kesho tunafunga!"

Miguno ikapanda kutoka chini. Sauti moja ikapaza: "Na Mzee Ndege anasemaje?"

"Mzee anasema hajaona!"

Mwewe alisubiri kicheko. Alikisubiri kwa ngumi alizozikunja. Hakikuja. Watu walisimama kidogo, kisha wakaanza kutawanyika wawili wawili, wakiongea chini chini.

Wakati wa kushuka imamu mwenyewe ndiye aliyekaa upande wa pengo na kumpa mzee bega lake. Walipofika chini akamvuta Mwewe kando. "Wewe umeuona kwa macho yako, kwa hiyo wewe kesho si siku yako ya kufunga. Utakula. Lakini kula kwa siri, usiwachanganye watu."

Njia nzima ya kurudi nyumbani Mwewe alipiga teke kila kokoto alilolikuta.

"Umenuna," mzee akasema.

"Nimenuna, ndiyo! Neno moja tu, Baba. Neno moja! Na lilikuwa la kweli."

"Hata mwaka jana lilikuwa neno moja." Mzee akatembea kidogo, akipapasa ukingo wa barabara kwa ncha ya kiatu. "Mwaka jana niliona kitu, nikakosea. Watu wakacheka, na walikuwa na haki yao ya kucheka. Leo sikuona kitu. Ningesema nimeona, hilo lisingekuwa kosa tena, lingekuwa jambo jingine. Mimi hilo jingine siliwezi, mwanangu. Unisamehe."

Mwewe alikuwa na hasira bado, na alikuwa anataka kulia, akaona bora amshike mkono mpaka wafike.

Asubuhi mzee alishafungua kibanda kabla ya wote. Msimamizi akapita, akasimama. "Shikamoo, mzee. Kwa hiyo ndiyo umetunyima mapumziko?"

"Marahaba. Kafanyeni kazi, acheni uvivu."

Msimamizi akacheka, akaingia getini. Mwewe alikuwa wa mwisho. Alipotaka kupita baba yake akamwita kwa kidole, akatoa chini ya benchi kifurushi kilichofungwa kwa kitambaa safi, siyo kile cha kung'arishia viatu. Ndani kulikuwa na kitu kigumu, chupa, na kitu laini, mkate.

"Peleka juu. Kunywa huko huko, asikuone mtu."

"Baba..."

"Si umeuona? Basi huna mfungo leo. Nenda, wanakusubiri."

Alipanda ngazi ya kreni na kifurushi kifuani. Kreni usiku ilikuwa imegeuka na upepo na mkono wake ulielekea magharibi, juu ya kilima. Alifanya kazi asubuhi yote. Nondo, matofali, ndoo za zege, na kila mzigo ukatua ulipotakiwa. Mchana mafundi walipokwenda kuswali na uwanja ukawa mtupu, alifunga breki, akafungua kitambaa. Akakata kipande cha mkate. Akanywa maji, na yakamwingia taratibu, baridi, mpaka tumboni.

Chini kabisa, mbele ya kibanda, mzee, mdogo kama kidole kwa umbali ule, alijitokeza juani. Akasimama katikati ya njia, akainua uso kuelekea kreni, akaweka kiganja juu ya nyusi, akawa anatafuta. Alianza na mguu wa kreni, akapanda nao taratibu.

Mwewe akaisukuma chupa pembeni, akafungua dirisha, akatoa mkono wote nje, akaupunga.