Mfalme Hatoki Kwake

Theodosia alikuwa na dharau ya kuitosha wilaya nzima ya Kasulu, na ingebaki angeigawia wilaya jirani ya Buhigwe. Ukifika kwenye kibanda chake cha wakala wa pesa za simu, mkabala na wauza ndizi mbivu, ungemkuta amekaa wima, hedifoni zimeziba masikio yote mawili, macho yanatazama juu ya kichwa chako. Shida yako ulilazimika kuitaja mara mbili. Mara ya kwanza hakusikia. Mara ya pili alisikia, ila alitaka ujue umemsumbua.

Waliomkera kuliko wote ni wanaume wa drafti, wale waliokaa kwenye benchi la fundi baiskeli kutwa nzima wakibamiza vifuniko vya soda na kupigiana kelele. Siku moja walimkaribisha acheze. Akawajibu kwamba mchezo ambao vipande vyake vyote vinafanana ni wa watu ambao akili zao zote zinafanana, kisha akafyonza, akarudi kwenye kiti chake. Hawakumkaribisha tena, na yeye akaona amewakomesha.

Yeye alikuwa mtu wa sataranji. Tena si sataranji ya kuokoteza mitaani, la. Masomo yake yalikuwa kwenye kadi ya simu, yamerekodiwa na mabingwa wa Ulaya, mtu mmoja baada ya mwingine ameketi nyuma ya ubao anaeleza. Kadi hiyo aliinunua kwa Athuman, yule anayewaingizia watu nyimbo na filamu kwenye simu pale karibu na stendi. Athuman siku hiyo alikuwa anatafuna muwa. Akaanza kumweleza kwamba masomo hayo yaliwekwa Kiswahili kwa ajili ya vijana wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, na kwamba aliyetia maneno si mwingine bali ni... Theodosia akamkata hapo hapo. Hakuwa na desturi ya kusikiliza mtu anayetema makapi ya muwa karibu na viatu vyake. Akachukua kadi yake, akaenda zake, na jina la aliyetia maneno likabaki kinywani mwa Athuman.

Basi yeye mwenyewe akampa jina. Alimwita Profesa. Ilikuwa sauti nzito, ya taratibu, yenye vijineno vya Kifaransa hapa na pale. "Bon, wandugu, tuangalie ile farasi iko wapi." Sasa, Kiswahili cha namna hiyo Theodosia alikisikia kila siku ya soko kwa akina mama wa Kikongo waliotoka kambini kuuza vitenge, na kila siku alikibetulia midomo. Lakini kikimwingia masikioni kutoka kwenye kadi, ati kilikuwa kisomo. Aliamini kabisa kwamba Profesa ni Mwafrika aliyesomea Ubelgiji akakaa huko mpaka ulimi ukapinda.

Na tusimwonee, alijifunza kweli. Alijua kufungua mchezo, alijua mitego, alijua kumchokoza malkia wa mwenzake mpaka akose pa kukaa. Alimfunga mwalimu wa hesabu wa sekondari, akamfunga bwana mmoja wa benki aliyekuja na ubao wake wa kioo. Wote aliwamaliza mapema, vipande vingi vikiwa bado vimesimama, kisha akawaambia waende wakajifunze. Michezo yake haikuwahi kuzeeka, na hilo hakulifikiria hata siku moja.

Katika yote aliyofundishwa na Profesa, kulikuwa na sentensi moja aliyoiweka juu ya nyingine zote. Ilijirudia karibu katika kila somo, hasa pale bingwa aliponyamaza akishika kidevu. Profesa alishusha sauti akasema, "Mfalme hatoki kwake. Wanaotoka ni wanaotumwa." Theodosia aliposikia hivyo alitikisa kichwa kwa raha. Hiyo ndiyo akili, alijiambia, si kelele za vifuniko vya soda. Kuna somo moja la mwisho mwisho ambapo aliona kwa macho yake mkono wa bingwa ukimshika mfalme na kumsogeza mbele, katikati ya ubao, mara tu baada ya maneno hayo. Hakushtuka. Alijua bingwa anawaonyesha watu kosa linavyofanyika.

Huko nyumbani sasa. Tangu ndoa yake ivunjike alikuwa akiishi kwa kaka yake Reverien, na chumba chake kilikuwa stoo. Aliyetaka maharage aliingia bila hodi, akapanda kitandani kwake kulifikia gunia. Wifi yake, Apoline, ndiye aliyeshika funguo zote za nyumba ile, na ya stoo haikuwepo kabisa, maana nani anafunga stoo kwa ndani? Jioni, Apoline na watoto walivuka barabara kwenda banda umiza la Havyarimana kutazama filamu zilizotafsiriwa, na vicheko vyao vilisikika mpaka stoo. Theodosia alifunga dirisha, akaziba masikio kwa hedifoni, akamfungulia Profesa. Miaka yote hiyo hakuwahi kukanyaga mle bandani. Aliwahi kusema ni afadhali akalale na mbuzi kuliko kukaa na watu wanaobwekewa na mtafsiri.

Ndipo ilipokuja habari ya Kibondo. Masista wa shule moja ya wasichana walitaka mtu wa kuwafundisha watoto sataranji na kuwasimamia bwenini. Kazi ilikuwa na chumba. Chumba chenye mlango, na mlango wenye kitasa, na funguo zinakaa mfukoni mwako. Theodosia aliposikia habari ya funguo alikosa usingizi. Walioomba walikuwa wawili tu, yeye na mzee mmoja wa Buhigwe aitwaye Stanislaus, karani mstaafu wa chama cha kahawa. Mkuu wa shule, Sista Vestina, akaamua jambo rahisi: waje wacheze mbele ya wasichana, atakayeshinda aanze kazi muhula ujao shule zikifunguliwa.

Theodosia alifunga begi kama mtu ambaye ameshashinda. Kibanda, kilichokuwa mali ya kaka yake, alimrudishia mwenyewe. Na asubuhi ya kuondoka, Apoline alipomletea uji, alimwambia bila kupepesa macho kwamba hatakula tena maharage yake yenye mchanga, na kwamba nyumba ile haina mtu hata mmoja wa kuzungumza naye. Apoline aliweka bakuli chini, akamtakia safari njema. Reverien alikuwepo, alisikia yote.

Kibondo mvua ilikuwa imenyesha. Ukumbi wa shule ulinuka sweta zilizolowa, wasichana wamejaa mpaka madirishani. Mzee Stanislaus alikuwa amefika mapema, amevaa koti lililochanika kwapani, na mfukoni ana muhogo wa kuchoma umefungwa kwenye gazeti. Akamsalimia Theodosia kwa Kiha, "Mwakeye." Yeye akamjibu, "Habari yako," mkavu, hata shikamoo hakumpa mzee wa watu. Wasichana wakatazamana. Mzee akatabasamu, akavuta kiti.

Mwanzoni Theodosia alimburuza. Mzee alicheza polepole, anashika goti, anaguna. Alipoteza askari mmoja kizembe kabisa na Theodosia akamtazama Sista Vestina kwa jicho la kuuliza, hivi ndiye huyu mliyetaka kunilinganisha naye? Alimdharau kwa koti, alimdharau kwa muhogo, alimdharau kwa namna alivyovikamata vipande kwa vidole vyote vitano utadhani anachuma kahawa. Ila kila mtego alioutega, mzee aliuzunguka. Hakuwa na haraka ya kula. Wakabadilishana farasi, wakabadilishana ngome, malkia nao wakaliwa, mpaka ubaoni wakabaki wafalme wawili na askari wao wachache, Theodosia akiwa bado amemzidi mzee askari mmoja.

Mchezo ulikuwa umezeeka. Theodosia hakuwahi kufika huku.

Mzee Stanislaus akamshika mfalme wake, akamtoa nje. Hatua moja, kisha nyingine, katikati ya ubao peupe. Theodosia nusura acheke kwa sauti. Yaani mzee mzima anamtembeza mfalme kama mbuzi anayepelekwa malishoni! Mfalme wa Theodosia alikuwa amekaa pembeni kwenye kona yake, kwa heshima zake. Alimwacha hapo hapo, akasukuma askari. Mfalme wa mzee akafika, akamla askari huyo. Theodosia akasukuma mwingine. Naye akaliwa. Hapo hata wasichana wa madirishani waliona kwamba mfalme wake akitoka, akapiga hatua mbili tu, mambo yanarekebika. Mkono wake mwenyewe uliona. Ulikwenda mpaka juu ya kichwa cha mfalme, ukasimama. Kisha akakumbuka sauti ya Profesa, akaurudisha mkono, akasukuma askari wa mwisho. Muda si mrefu askari wa mzee alifika mwisho wa ubao akageuka malkia, na ikawa imekwisha.

Mzee Stanislaus akampa mkono, ule wa kulia ukiwa umeshikwa kiwiko kwa wa kushoto, kama anavyopewa mtu wa heshima. Theodosia akaugusa kwa ncha za vidole.

Sista Vestina hakuwa mtu wa kejeli. Aliuliza kwa sababu alitaka kujua. "Kwa nini hukumtoa mfalme? Alikuwa amekaa tu."

Theodosia akanyoosha mgongo. Amefungwa, sawa, lakini hakufungwa kwa ujinga, na hawa wa porini lazima waambiwe. Akasema kwa sauti ya kufundisha, ili ukumbi wote usikie, "Mfalme hatoki kwake."

Na ukumbi wote ukamjibu kwa pamoja, kuanzia safu ya mbele mpaka madirishani, "Wanaotoka ni wanaotumwa!"

Kwa kitambo kidogo, masikini, alifurahi. Alidhani amefika shule ambayo watoto wamesoma alikosoma yeye. Akauliza, "Kumbe na ninyi mnamsikiliza Profesa?" Vicheko ndivyo vilivyomjibu. Msichana mmoja wa mbele, Firdausi, akajaribu kujizuia kwa kuwa alikuwa na adabu.

"Profesa gani, dada? Huyo si Rigo? Rigobert wa Nyarugusu, anayetafsiri filamu. Mtu akinyamaza kwenye filamu, yeye anajazia. Akimwona mzee amekaa kwenye kiti haongei, lazima aseme hivyo."

Theodosia akasema si kweli. Akasema huyu ni mtu mwingine, msomi, na atawaonyesha. Akatoa simu, akachomoa hedifoni kwa mara ya kwanza, akafungua lile somo la mwisho, akainua sauti. "Bon, wandugu," ikasema simu, na ukumbi ukalipuka. "Rigo! Rigo huyo!" Watoto waliruka kwenye mabenchi kama wamemwona mjomba wao.

Sista Vestina akasogea kutazama, na mzee Stanislaus naye akasogea. Kwenye kioo alikuwepo bingwa, ameshika kidevu, midomo imefungwa kabisa. Hakusema neno. Juu ya ule ukimya sauti ikateremka: mfalme hatoki kwake, wanaotoka ni wanaotumwa. Halafu bingwa akaushusha mkono, akamshika mfalme, akamtoa nje katikati ya ubao, akatabasamu. Watu wote waliona.

Mzee Stanislaus akasema taratibu, bila kicheko, "Mwanangu, huyo bwana alikuwa anawaza tu."

Kama kuna kitu kiliuma siku hiyo ni huruma ya yule mzee mwenye koti lililochanika. Matusi angeyajibu. Theodosia akatia simu mfukoni, akabeba begi, akatoka bila kuaga, na kwenye geti akamfyonza mlinzi ambaye hakuwa amemkosea chochote.

Alifika Kasulu magharibi inaingia. Kila mtoto wa mji ule anajua kwamba mtafsiri akikosa maneno hutunga, ni kawaida yake, ndiyo utamu wenyewe. Angeingia bandani jioni moja tu, angejua. Angemwacha Athuman amalize sentensi, angejua. Jioni zote zile alifunga dirisha asimsikie Rigobert wa ng'ambo ya barabara, akamsikiliza Rigobert wa kwenye hedifoni. Hayo aliyafikiria njia nzima kwenye basi, na bado alipata nafasi ya kumdharau abiria wa jirani kwa jinsi alivyokula karanga.

Apoline alikuwa uani na watoto, wanajiandaa kuvuka barabara. Kaka yake alimwona na begi, akaelewa, akaingia ndani. Theodosia akapita moja kwa moja mpaka stoo. Gunia jipya la maharage lilikuwa limewekwa juu ya kitanda, kwa kuwa kitanda kilikuwa hakina mtu.

Apoline akasimama mlangoni. Alimtazama wifi yake, akatazama begi, na Theodosia akayaona machoni pake yale macho aliyozoea kuwatazamia watu yeye mwenyewe, yanayopita juu ya kichwa.

"Maharage yapo jikoni," Apoline alisema. "Yana mchanga." Akawachukua watoto wakaenda zao.

Theodosia alikaa pembeni ya gunia. Hedifoni hakuzivaa. Dirisha lilikuwa wazi na hakulifunga, na muda si mrefu ng'ambo ya barabara filamu ikanyamaza, sauti nzito ikashuka ikasema maneno yake, na watu wa bandani kwa Havyarimana wakaitikia wote. Sauti ya Apoline ilisikika juu ya zote.